“Leave” ya likizo na “leave” ya kuondoka

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi mapokezi katika kampuni ya utalii hapa Arusha, na meneja wetu hajui Kiswahili. Mwezi wa pili nilimwandikia baruapepe kuomba likizo yangu ya mwaka. Niliandika: “I want to leave from 3rd March.” Kesho yake watu wa utumishi wakaniita, wakaniuliza kwa nini naacha kazi na mbona sijatoa notisi. Nililia mbele yao. Mambo yalisawazishwa, lakini mpaka leo sielewi kosa langu, maana fomu ya likizo pale ofisini imeandikwa neno hilohilo, “leave”. Neno hili lina maana ngapi, na nilitakiwa niandikeje?

JIBU: Marahaba, binti yangu, na pole sana. Kazi yangu ni kutafsiri mikataba na barua za kazi, na karibu kila mwezi mtu huniletea mkanganyiko wa neno hili. Wengine wana shahada mbili, kwa hiyo usijione mjinga.

Neno la kwenye fomu na neno la kwenye baruapepe yako yanaandikwa sawa na kutamkwa sawa, lakini ni maneno mawili yenye asili tofauti. Miaka elfu moja iliyopita Waingereza walikuwa na “lēaf”, maana yake ruhusa, na walikuwa na kitenzi “lǣfan”, yaani kubakisha au kuacha kitu nyuma. Matamshi yakabadilika, yakasogeleana, mwisho yakawa kitu kimoja mdomoni. Fomu yenu inatumia lile la kwanza, ambalo ni jina (nomino): ruhusa ya kutokuwepo kazini. Wewe ulitumia la pili, kitenzi, na huyo aendaye zake huacha vitu nyuma, ndiyo maana kikaja kuwa na maana ya kuondoka.

Undugu wa “leave” ya likizo na ruhusa unaonekana vizuri kwa majirani wa Waingereza. Mjerumani husema “erlauben” kwa kuruhusu, na likizo anaiita “Urlaub”, shina lilelile. Mholanzi ana “verlof”, na Mwingereza akalichukua kutoka huko akapata “furlough”, ruhusa ya askari kurudi nyumbani kwa muda. Huko Uingereza neno hilo lilikuwa halisikiki sana mpaka mwaka 2020, corona ilipofunga maduka na viwanda, likaibuka upya kwa wafanyakazi waliobaki majumbani huku serikali ikilipia sehemu kubwa ya mishahara yao.

Sasa turudi kwenye sentensi yako tuitazame kwa karibu. “I want to leave.” Kilichokuponza ni kale ka-“to”. Herufi mbili. Ukiiweka “to” mbele ya “leave”, umelifanya kitenzi, na hapo Mwingereza hana njia ya kusikia likizo. Anasikia “nataka kuondoka”. Na kwa kuwa umemwandikia mwajiri, ukataja tarehe ya kuanzia bila tarehe ya kurudi, ameelewa unaacha kazi. Meneja wako alisoma sawasawa kilichoandikwa. Ungeandika “I want leave from 3rd March”, bila “to”, ungekuwa umeomba likizo, ingawa kwa ukali kidogo, kama mtu anayedai chenji yake.

Barua ya kawaida ya ofisini ingekuwa hivi: “I would like to apply for annual leave from 3 to 30 March. I will be back at work on 31 March.” Kuna “apply for”, kitenzi kinachoonyesha kwamba leave ni kitu unachokiomba. Kuna “annual”, inayolifunga neno lisiende kwingine. Na kuna tarehe ya kurudi kazini, ambayo hata Kiingereza chako kikiyumba yenyewe peke yake ingezuia balaa lote, kwa sababu hakuna mtu anayeacha kazi halafu akataja siku ya kurudi. Hesabu pia siku: tarehe 3 hadi 30 ni siku 28 kamili, na hiyo namba tutaikuta tena.

Jina hili lina tabia zake. Uko “on leave”, si “in leave” wala “at leave”. Unakwenda “on leave”. Na halipendi wingi. Nimeona watu wakiandika “I have 14 leaves remaining” wakimaanisha siku 14 za likizo zilizobaki. Wahindi husema hivyo sana, na wao kwa wao wanaelewana, lakini kwa Mwingereza “leaves” ni majani ya mti. Andika “14 days of leave” au “14 leave days”.

Ugumu mwingine uko upande wetu. Kiswahili kina maneno kadhaa pale ambapo Kiingereza kina moja. Likizo ni ile ndefu, iliyopangwa, yenye haki nyuma yake. Wengine huiita livu, neno hilihili la Kiingereza tulilolivalisha kanzu. Ruhusa ni siku mbili tatu za kwenda msibani au kumpeleka mtoto hospitali. Ofu ni ile siku ya mapumziko ya zamu yako. Ukiumwa, daktari anakuandikia ED, ile karatasi ya kukupumzisha kazini, na wenzetu wa Kenya wanasema sick-off. Ukitoa ofu, ambayo ni “day off”, hayo mengine yote Mwingereza anayatia kapu moja la “leave”, halafu anatofautisha kwa kivumishi: “annual leave” ni likizo ya mwaka, “sick leave” ya ugonjwa, “maternity leave” ya uzazi, “compassionate leave” ruhusa ya msiba au dharura ya familia, “study leave” ruhusa ya masomo, “unpaid leave” likizo bila malipo. Kwa hiyo usiliache “leave” peke yake kwenye barua. Lipe kivumishi chake, litulie.

Moja la kuangalia sana ni “garden leave”. Niliwahi kuikuta tafsiri ya mkataba imeandikwa “likizo ya bustani”, na aliyeusaini alidhani ni marupurupu, siku za kulima shamba lake. Maana yake ni hii: umetoa notisi ya kuacha kazi, au umepewa, na mwajiri anataka ukae nyumbani mpaka notisi iishe huku akikulipa, usije ukachukua wateja wake au siri zake ukazipeleka kwa mshindani. Katika siku hizo bado ni mwajiriwa wake, na kwa kawaida huruhusiwi kuanza kazi kwingine. Katika mkataba wa Kiswahili mimi huandika “kukaa nyumbani kwa malipo wakati wa notisi”. Ni ndefu, lakini haimdanganyi mtu.

Hapa lazima niseme jambo ambalo linaniuma kila ninapotafsiri. Kwa sababu “leave” ni ruhusa, na kwa sababu sisi pia tunasema “naomba likizo”, wafanyakazi wengi wanaamini likizo ni hisani ya bosi. Sivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inasema mwajiri “shall grant”, yaani lazima atoe, siku zisizopungua 28 mfululizo katika kila mzunguko wa likizo wa miezi 12. Hiyo “shall” ni amri. Anachoweza kuamua mwajiri ni lini uende, na hata hapo amewekewa mpaka: isipite miezi sita baada ya mzunguko kwisha, au miezi 12 kama umekubali mwenyewe na shughuli za kazi zinalazimisha hivyo. Kwa hiyo unaposema “apply for leave” unaomba tarehe. Siku zenyewe ni zako tayari.

Sheria hiyohiyo inaonyesha kwa nini tofauti yetu ya likizo na ruhusa si ya maneno tu. Zile siku za ruhusa yenye malipo ulizoomba mwenyewe katikati ya mwaka, kwa Kiingereza cha sheria “occasional leave”, mwajiri anaweza kuzipunguza kwenye 28 zako. Basi ukijaza fomu, soma imeandikwa “leave” ipi. Likizo ya ugonjwa ina hesabu yake mbali: siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu.

Wasomaji wa Kenya msije mkadhani mmepunjwa mkiona sheria yenu ya mwaka 2007 inataja siku 21. Zenu ni siku za kazi. Za Tanzania Bara ni mfululizo, Jumapili na sikukuu zikiwemo ndani. Kwa anayefanya kazi siku tano kwa wiki, 21 za kazi ni zaidi kidogo ya wiki nne, wakati 28 mfululizo ni wiki nne kamili. Neno “consecutive” na neno “working” yanabeba uzito kuliko namba iliyo mbele yake.

“Leave” ya ruhusa haiishi ofisini. Mahakamani utakuta “leave to appeal”, yaani ruhusa ya kukata rufaa. Haimwambii mtu aondoke. Jeshini, askari aliyetoroka kambini ni “absent without leave”, hayupo na hana ruhusa. Na iko ile iliyomlaza mama mmoja na njaa. Alikuja kwangu na barua kwenye simu, mwanawe aliyeko Uingereza ameituma. Jirani anayejua Kiingereza kidogo alikuwa amemsomea, akaona “leave”, akamwambia mwanao anafukuzwa nchini. Nilipoisoma, ilisema amepewa “indefinite leave to remain”. Nilimwonyesha kwa kidole, neno kwa neno: “leave”, ruhusa, “to remain”, ya kubaki, “indefinite”, bila kikomo cha muda. Sheria ya uhamiaji ya Uingereza ya mwaka 1971 imejengwa juu ya maneno hayo, ruhusa ya kuingia na ruhusa ya kubaki. Yule mama alikuwa na siku mbili hajala, na habari yenyewe ilikuwa ya kuchinja kuku.

Kitenzi nacho kina mitego, na wewe uliye mapokezi utaikanyaga kila siku. Mteja akipiga simu kumuulizia mwenzako aliye likizo, ukamjibu “She left”, anaweza kuelewa kwamba ametoka tu, au kwamba hayuko tena kwenye kampuni. Sema “She is on leave until the 30th, she will be back on the 31st.” Iweke hiyo siku ya kurudi, kwa sababu “until the 30th” peke yake inawagawa watu: wengine wanadhani tarehe 30 yupo, wengine wanadhani hayupo. Kama ametoka tu kwa siku hiyo, ni “She has left for the day.” Na kama kweli ameacha kazi, “She no longer works here” haina utata.

Angalia pia “for”. “The guests left Moshi” ni wageni wametoka Moshi. “The guests left for Moshi” ni wageni wameelekea Moshi. Kwa kampuni ya utalii hilo ni gari kupelekwa mji usio wenyewe. Na “school leavers” kwenye matangazo ya kazi ni vijana waliomaliza shule. Nimeona tangazo limetafsiriwa “walioacha shule”, na bila shaka wenye vyeti vyao walilipita wakidhani haliwahusu. Nao wa “leaving certificate” wamemaliza, hawakuacha.

Maana kongwe ya kubakisha bado ipo hai. “Leave the key with me” ni niachie ufunguo. “He left a wife and two children”, ukiisoma kwenye tangazo la msiba, ni marehemu ameacha mjane na watoto wawili. Ukiisikia kwenye umbea wa mtaani, ni mume amekimbia nyumba. Kiswahili chetu kina utata uleule kwenye “ameacha mke”, kwa hiyo hapo hatuna cha kuwalaumu.

Sasa kuhusu faili lako. Umesema mambo yalisawazishwa, lakini hukusema yalisawazishwa kwa maandishi. Baruapepe yako ya “I want to leave” bado iko kwenye kompyuta ya mtu, na siku pakitokea ugomvi inaweza kutolewa kama barua ya kuacha kazi. Mwandikie meneja leo, nakala kwa watu wa utumishi: “Further to my earlier email, I confirm that I was applying for annual leave and did not intend to resign.” Taja tarehe ya ile baruapepe ya kwanza. Omba wakujibu kwa maandishi kwamba wamepokea, na jibu hilo lichapishe uliweke nyumbani. Ikitokea wameshaandika mahali popote kwamba umejiuzulu na wakakuondoa kazini, usikae ukisubiri wakuonee huruma: malalamiko ya kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa.