Mwanangu, hizo risasi zitakaa kwa nani?

Mwanangu Mwanaidi,

Ujumbe wako baba yako amenisomea mara mbili, maana mkono wa miwani yangu umekatika na fundi wa hapa Rangi Tatu ananipiga danadana. Nimefurahi leseni imetoka. Nimefurahi pia bunduki ya babu yako imetoka kituoni ilikohifadhiwa tangu mjomba wako afariki. Sasa unauliza: ununue maboksi manne ya risasi kwa mkupuo uyafungie ndani yakutoshe misimu kadhaa, au ununue moja, zikiisha upande tena basi uje Dar na makaratasi yako. Umenipigia hesabu ya nauli, ya siku za shamba zinazopotea, na ya mpunga waliokula nguruwe mwaka jana. Risasi mia moja au ishirini na tano.

Hesabu yako siipingi. Kikomo cha kisheria usiniulize mimi, muulize ofisa wa silaha wilayani, yeye analipwa kwa kazi hiyo. Ila hujaniambia risasi zenyewe zitakaa kwa nani.

Usicheke, najua unacheka. Bunduki na risasi zisilale chumba kimoja. Nimekulea na neno hilo kama nilivyolelewa nalo na bibi yako. Babu alikuwa na bunduki, bibi alikuwa na risasi. Lile kasha la mninga ambalo mama yako mdogo anawekea mashuka siku hizi, chini kabisa, chini ya kanga zake za kutokea, kulikuwa na bati la biskuti. Ndani ya bati risasi zimesimama wima, vitako vya shaba juu, na katikati kifuko cha kaniki chenye vipande vya mkaa wa kunyonya unyevu. Rufiji unaijua, masika hata chumvi inatoa maji. Na wakati ule maganda ya risasi nyingi yalikuwa bado ya karatasi. Karatasi ikinywa unyevu inavimba, risasi haiingii kwenye mtutu, au inaingia halafu ganda linagoma kutoka na wewe umesimama na gongo mkononi.

Bibi alikuwa na kipande cha bomba, sijui alikiokota wapi, upana wake sawasawa na mtutu. Kila mwezi ukiandama anatandika mkeka, anapitisha risasi moja moja mle bombani. Inayopita anaifuta kwa kitambaa na kuirudisha batini. Inayokwama anaiweka kando, haimo tena katika hesabu. Sisi watoto tulikaa mlangoni tukitazama. Kuvuka kizingiti ni kofi.

Babu akitaka kwenda kulinda anakuja kuomba. Mwanamume mzima, mwenye leseni yake, anasimama mlangoni na kusema, "Nipe mbili." Anapewa mbili. Asubuhi anarudisha mbili, au moja na ganda, au maganda mawili na habari ya nguruwe. Bila ganda hapewi nyingine. Mwaka 1983, wakati wa Sokoine na vita vya wahujumu uchumi, watu wakimwaga sukari mtoni usiku kwa hofu ya kukutwa na akiba ndani, bibi yako alilala usingizi wake. Mgambo walipokuja aliwatandikia mkeka uleule, akazipanga safu safu, leseni ya mumewe pembeni. Zikalingana. Mkubwa wao akaomba maji ya kunywa, wakaondoka. Kila nikikumbuka uso wa yule mgambo nacheka peke yangu.

Najua utakachonijibu. Unasema askari aliyekuja kukagua sanduku lako la chuma amekwambia ufunguo ni wa mwenye leseni peke yake, mumeo hata asijue ulipo. Kwa hesabu hiyo bibi yako angekuwa mhalifu. Haya, sheria ya sasa ni ya mwaka 2015, bibi alikuwa keshaondoka duniani, na mimi sikutumi uivunje. Lakini ufunguo ukiwa wako na bunduki ni yako, nani atakuuliza ganda liko wapi? Basi angalau weka ukuta katikati. Sanduku hili chumba hiki, lile chumba kile, kufuli mbili. Mtu mwenye hasira akilazimika kupita ukumbini, huenda akakutana na mtoto ameamka anataka kukojoa.

Hata hivyo si hilo lililonifanya niandike badala ya kupiga simu. Ni majirani zako wa upande wa mto. Jina sitaandika, barua hupotea.

Wewe ulikuwa na miaka saba. Nilikuacha hapa Mbagala kwa shangazi yako, nikaenda kumuuguza bibi. Daraja la Mkapa lilikuwa limefunguliwa mwaka uliotangulia, basi likavuka Rufiji bila kungoja pantoni, nikajiona nimeingia Ulaya. Kufika kijijini nakuta watu wanafunga milango jua halijazama. Ndio msimu wa yule simba waliyemwita Osama. Alipokuja kuuawa Aprili 2004 alikuwa ameshaua watu zaidi ya 30 katika Rufiji, na walipomfungua kinywa walikuta gego limevunjika na jipu chini yake. Mwaka 2005 wataalamu walichapisha utafiti wao wakieleza kwamba simba hushambulia watu zaidi kule waliko nguruwe pori wengi. Nguruwe anakuja kula mazao, mkulima analala dunguni, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba, kumlinda, simba anamfuata nguruwe, anamkuta mkulima. Bibi alikuwa akiyasema hayo jikoni kwake bila kupima chochote.

Usiku watu walikuja kulala uani kwetu. Walikuja na mikeka, watoto, mbuzi, mmoja alikuja na redio. Walikuja kwa sababu ya bunduki ya babu. Walidhani mle ndani mna shehena. Zilikuwa saba, mwanangu. Babu mwenyewe alidhani ni kumi na kitu, bibi akamwacha adhani hivyo. Mimi nilijua kwa kuwa mimi ndiye niliyezipitisha bombani mwezi ule, yeye mikono ikitetemeka kwa homa.

Akaja yule jirani, jua linashuka. Alikuwa na gobore la marehemu baba yake na hana baruti. Alichuchumaa barazani, kofia mkononi, akaomba risasi mbili. Mbili tu. Angezipasua, achukue baruti na marisau, zile chembe za risasi za ndani, ashindilie gobore lake, aende dunguni kulala na mdogo wake, maana mpunga ulikuwa umeshainama na nguruwe hawangojei matanga. Babu akasema, "Mpe mtu."

Bibi akasema hatoi. Alisema baruti ya risasi za dukani si ya gobore, ina nguvu mno, lile bomba litapasuka limng'oe uso. Na kweli ndivyo ilivyo, muulize fundi yeyote wa bunduki. Akasema pia risasi za leseni ya mtu hazigawiwi kama chumvi. Jirani akasema, "Uso ni wangu." Babu akarudia, "Mpe mtu, mama." Bibi akafunga ufunguo kwenye pindo la kanga, fundo mbili, akaingia jikoni. Mgonjwa yule, hata kusimama ni kwa kushika ukuta.

Haikupita wiki, mdogo wake akachukuliwa dunguni. Mabwana nyama walipofika kutoka Utete palikuwa na vitu vya kuzika, si mtu wa kuzika.

Msibani tulikwenda. Wanawake tulikaa kwenye mkeka tukichambua mchele, mjane wa marehemu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeomba ungo, "Wenzetu wanalala na risasi chini ya kanga." Hakuna aliyejibu. Bibi yako aliendelea kuchambua. Nilikuwa ubavuni kwake, niliuona ule mchele: haukuwa na chuya hata moja, ulishachambuliwa, naye anaokota tu, anaokota.

Mpaka leo ukipita kwao salamu inajibiwa kwa ncha ya ulimi. Umewahi kuniuliza kwa nini. Ndiyo hii.

Nimeipindua habari hii miaka yote. Angempa, gobore lingepasuka. Na kama lisingepasuka? Gobore lina mlio mmoja. Mpaka ulishindilie tena, simba ameshamaliza shughuli. Lakini mlio mmoja nao humtoa simba mbio, wazee wote wanasema. Basi angempa. Hapana, kwa sababu angempa huyu, na wote waliolala uani wana magobore ya baba zao makutini, kesho wangepanga mstari, na saba zingeisha kabla ya Ijumaa. Halafu linakuja lile linalonichoma kuliko yote: hakuna hata mmoja wetu aliyesema babu abebe bunduki yake na risasi zake mbili akalale dungu la jirani. Si babu, si bibi, si mimi. Watu uani walikuwa wengi, nani angewaacha? Lakini halikusemwa hata kwa kukataliwa.

Kwa hiyo ukiniambia ishirini na tano ni chache, nakumbuka saba na sina ubishi. Na ukiniambia mia, nakumbuka tarehe 29 Aprili 2009, ghala la mabomu la kambi ya jeshi ya hapa Mbagala lilipolipuka mchana kweupe, uko darasa la sita, nakutafuta njia nzima mpaka jioni ukaonekana Kongowe umeshika mkono wa mtoto wa watu usiyemjua, mguu mmoja hauna kiatu. Watu zaidi ya 20 walikufa, na tulikuwa hatujapoa vizuri ukaja mlipuko wa ghala la Gongo la Mboto, Februari 2011. Baba yako anasema nachanganya mambo: yale yalikuwa mabomu ya vita, risasi zako za nguruwe zikiungua hovyo bila mtutu zinapasuka tu papo hapo, maganda yanaruka, nyumba haiendi mahali. Ni kweli. Mjomba wako naye alikuwa akisema hivyo. Hata mimi sisemi nyumba yako italipuka. Nasema anayeishi jirani na ghala hakuulizwa kiasi gani kiwekwe mle, ila mlio aliusikia.

Kijijini risasi hazifichiki, ni kama mimba. Wa bodaboda aliyekubebea mzigo kutoka Ikwiriri atajua, shemeji yake atajua, na watoto wako midomo yao unaijua. Wakijua zipo, zina wenyewe wengi kuliko wewe. Yule mjane bado yu hai, na mjukuu wake analima tuta kwa tuta na wewe. Nguruwe akiingia kwake usiku atakuja kwako, au simba, maana simba hawajahama Rufiji. Ukiwa na boksi moja nusu unaweza kumwambia hazitoshi, na hutakuwa umesema uongo. Ukiwa na mia utamwambia nini? Utamwambia sheria hairuhusu, na kweli hairuhusu, na bibi yako alimwambia babu yake kitu cha kweli vilevile.

Labda jibu ni kwenda naye. Wewe, bunduki yako, risasi zako mbili, kwenye dungu lake. Sijui kama mumeo atakubali. Sijui kama mimi nitalala.

Unataka niseme moja au manne. Ulimi unaniwasha kusema moja. Sisemi, leseni ina jina lako, si langu. Ila kabla hujapanda basi kuja dukani, kabla, si baada, nenda kamsalimie yule mama. Usiende na bunduki begani. Nenda asubuhi, mpelekee mchele, kaa mkekani usiwe na haraka, usitaje bibi mpaka amtaje yeye. Akikupa maji unywe.

Kile kibomba cha bibi ninacho, kimo kwenye droo ya cherehani. Risasi za siku hizi ni za plastiki, hazivimbi vile, lakini kuja kwako nitakupa. Kagua vitako vyake: shaba ikiota ukijani usiiamini. Na mkaa ubadilishe kila masika.

Baba yako ananiambia nimalize, na niandike kwamba yeye anasema manne, ni rahisi zaidi na nauli imepanda. Nimeandika. Baba yako kwao ni Tanga mjini, hajawahi kulinda hata kuku.

Wasalimie watoto.

Mama yako