Mazingira mawili ya kutengenezea, mfumo mmoja wa kazi: kwa anayeanza kwenye programu za uzingatiaji

Ukipangiwa kazi kwenye programu ya uzingatiaji, yaani inayokagua kama ruhusa za watumiaji zinafuata kanuni, na inatumiwa na idara kadhaa, uliza kwanza: mazingira ya kutengenezea, yaani nakala za mfumo ambako mabadiliko hutayarishwa, yako mangapi? Kama fedha wana yao na manunuzi wana yao, na wote wanapeleka mabadiliko kwenye mfumo mmoja wa kazi, ule unaotumika kila siku, kuwa macho.

Hatari kubwa ni kufutiana kazi. Chukua kanuni ya mgawanyo wa majukumu: anayesajili mgavi asiweze pia kumlipa. Timu ya fedha inaongeza njia mpya ya malipo kwenye kanuni hiyo. Siku tatu baadaye timu ya manunuzi, ambayo nakala yake haina nyongeza hiyo, inasahihisha maelezo ya kanuni ileile na kupeleka kifurushi chake cha mabadiliko. Kifurushi kikiwa kinabeba kanuni nzima, nyongeza inatoweka. Programu nyingine ikiharibika hivyo, kitu hukwama na mtumiaji hulalamika. Hapa hakuna kinachokwama. Ripoti inatoka safi kwa sababu mfumo umeacha kutafuta kosa, na anayesajili wagavi anaendelea kuwalipa.

Namba za kanuni nazo hugongana: kila timu inachukua 045, kwa maana tofauti. Gawaneni mapema, mathalani 001 hadi 499 kwa hawa na 500 hadi 999 kwa wale.

Kuna pia vitu ambavyo mara nyingi havisafiri na kifurushi: majina ya waidhinishaji, wamiliki wa kanuni, viunganishi vya mifumo mingine. Hivi huingizwa kwa mkono kila mahali, ndiyo maana jaribio linafaulu upande mmoja na ombi linapotelea kwa mwidhinishaji aliyehama upande wa pili.

Mkaguzi naye atauliza ushahidi wa majaribio. Kampuni zilizo chini ya sheria ya Sarbanes-Oxley ya Marekani ya mwaka 2002, kifungu cha 404, lazima zitathmini udhibiti wao wa ndani wa taarifa za fedha. Jaribio lililofanyika kwenye toleo tofauti na lile linalotumika kazini halithibitishi chochote.

Ushauri wetu ni kubaki na mazingira moja ya kutengenezea. Ikishindikana, kabla ya kila badiliko toa kanuni za mfumo wa kazi kwenye faili la maandishi, toa na za kwako, zipange kwa namba, kisha linganisha mstari kwa mstari. Tofauti usiyoweza kuieleza isimamishe kazi. Upelekaji wote upitie kwa mtu mmoja anayeandika mpangilio wa vifurushi.

Kwenye mazingira ya majaribio, tunza mtumiaji wa bandia mwenye ruhusa za kusajili mgavi na za kulipa kwa kila njia iliyopo. Kila kifurushi kikiingia, kwanza huko, endesha uchambuzi juu ya mtumiaji huyo. Kama njia ni 6, makosa yaonekane 6. Yakiwa 5, kifurushi kisisogee hadi ijulikane iliyopotea ni ipi.