Uliza Mwalimu wa Michezo: "Binti Yangu Anarudisha Tu"

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa binti wa darasa la sita, tunakaa Makorora, hapa hapa Tanga. Binti ameupenda sana mchezo wa badminton, huu wa vinyoya, tangu shuleni kwao walipopata raketi. Shida ni kwamba hana nguvu ya kupiga. Wenzake wanashusha makombora, yeye anarudisha tu, mpaka wamempa jina la Ukuta. Juzi karudi analia, anataka kuacha. Toleo lililopita ulimtaja Susi Susanti wa Indonesia, ukasema naye hakutegemea makombora. Alikuwa nani hasa, na alikuwa anashindaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe pole mjukuu wangu, na umwambie raketi asiiweke chini.

Susi Susanti alizaliwa mwaka 1971 huko Tasikmalaya, Java Magharibi, akahamia Jakarta angali msichana wa shule ili afundishwe kwenye klabu. Mwaka 1992, kule Barcelona, badminton ilichezwa kwa mara ya kwanza kama mchezo kamili wa Olimpiki, naye akachukua dhahabu ya wanawake mmoja mmoja. Indonesia ilikuwa haijapata kuonja dhahabu ya Olimpiki katika mchezo wowote ule. Pale jukwaani alibubujikwa na machozi. Siku hiyohiyo mchumba wake, Alan Budikusuma, akachukua dhahabu ya wanaume; walikuja kuoana mwaka 1997.

Sasa itazame fainali yenyewe. Alikutana na Bang Soo-hyun wa Korea Kusini. Seti ya kwanza Susi alifungwa 5–11. Ya pili akashinda 11–5, ya tatu 11–3. Kadiri mchezo ulivyorefuka ndivyo mwenzake alivyozidi kukosa pointi, na hilo halikutokea kwa bahati.

Enzi zile seti ya wanawake iliishia pointi 11, na pointi aliipata yule tu aliyeanzisha, yaani aliyepiga kinyoya cha kwanza. Ukimshinda aliyeanzisha, unapewa zamu ya kuanzisha na ubao haubadiliki. Kwa hiyo mtu angeweza kukimbia, kuruka na kutokwa jasho dakika nyingi bila namba kusogea. Susi aliuelewa utaratibu huo kuliko karibu wote wa wakati wake. Alikinyanyua kinyoya juu sana, kikaenda kuanguka karibu na mstari wa nyuma kabisa. Mpinzani anarudi nyuma, anapiga. Susi anakiokota na kukidondosha mbele, karibu na wavu. Nusu ya uwanja ina urefu wa mita 6.7, na mpinzani huyo anaukata urefu huo mbele na nyuma, mara kulia, mara kushoto. Mwishowe mguu unachelewa, kinyoya kinarudi kifupi, na hapo ndipo Susi anapokimaliza. Alipolazimika kufika mbali alitanua miguu mpaka akakaribia kukaa sakafuni, akakirudisha, kisha akainuka kama hakuna kilichotokea. Ukipata video zake mwonyeshe binti, na mwambie atazame miguu, raketi aiache kwanza.

Kwa mchezo huo alitwaa ubingwa wa All England, mashindano makongwe ya Uingereza, mara nne (1990, 1991, 1993 na 1994) na ubingwa wa dunia mwaka 1993. Mwaka 1994 alikuwa kwenye timu ya Indonesia iliyobeba Kombe la Uber, kombe la timu za wanawake. Olimpiki ya Atlanta 1996 Bang alimtoa nusu fainali na kwenda kuchukua dhahabu; Susi akapata shaba. Watu wa kwao hawakumsahau hata kidogo: mwaka 2018, Michezo ya Asia ilipofanyika Jakarta, ni yeye aliyewasha mwenge mkuu.

Lakini sitaki nimpambe binti bure. Tangu mwaka 2006 seti ni pointi 21 na kila kinyoya kikifa kuna pointi, awe ameanzisha nani. Mchezo umekuwa wa kasi, na anayeshambulia vizuri analipwa upesi. Hata hivyo anayekosea naye anaadhibiwa papo hapo, na watoto wanaopiga kwa nguvu tu hukosea sana. Kwa hiyo swali langu kwa mjukuu ni moja: anarudisha wapi? Kama kinyoya chake kinaangukia katikati ya uwanja, wenzake wataendelea kumpiga makombora. Kikifika mstari wa nyuma, makombora yao yatakwisha nguvu.

Uani kwenu panatosha kuanzia. Chukua vifuu sita, viwili uviweke mbele, viwili ubavuni, viwili nyuma, yeye asimame katikati. Wewe taja kifuu, akifuate kwa hatua ndefu, aguse, arudi katikati kabla hujataja kingine. Raketi mkononi, kinyoya hakuna. Ule mtanuo wa Susi asiuige mpaka awe amenyoosha misuli yake kwa miezi mingi. Nyonga za mtoto zinaumia haraka.

SWALI: Mwalimu, sisi ni vijana wa Chumbageni, tunachezea nje. Upepo unachukua kila kinyoya, na vya manyoya vinakatika siku hiyohiyo. Tufanyeje?

JIBU: Kinyoya cha mashindano kina manyoya 16 na uzito wa gramu 4.74 hadi 5.50, hivyo upepo wa bahari yetu lazima ukibebe. Ndiyo sababu mashindano makubwa huchezwa ndani. Nje tumieni vya nailoni, vinadumu zaidi. Chezeni asubuhi kabla upepo haujakaza, na wavu muufunge ili upepo upite kwa urefu wa uwanja, usiwapige ubavuni. Kila seti mbadilishane pande ili mzigo uwe sawa. Wakati wa kusi nendeni mkamwombe mwalimu mkuu wa shule iliyo jirani ukumbi wake jioni, na mjitolee kuufagia.