Joistiki ya Loda Ikigoma, Anza na Waya

Nilikuwa naifungua joistiki ya kulia ya loda ndogo, yaani wenzo wa kuongozea bumu (mkono unaoinua baketi) na baketi yenyewe, kwa mara ya pili ndani ya wiki moja. Ile ya awali nilishaitoa, nikafunga mpya, mwenye mashine akaridhika, na kwa siku mbili kazi ikaenda vizuri. Siku ya tatu simu ikalia: bumu limegoma tena, taa ya tahadhari inawaka, na msimbo wa hitilafu kwenye skrini ni uleule. Asubuhi mashine inachapa kazi bila shida, lakini opereta akishashuka na kupanda mara kadhaa, inakataa.

Mara ya kwanza niliusoma msimbo uliosema kwamba ishara ya bumu iko chini ya kiwango, nikaihukumu joistiki papo hapo. Kilichonipita ni kwamba chini yake kulikuwa na msimbo mwingine, wa baketi, wenye malalamiko hayohayo, na uliandikwa saa ileile. Ni nadra sana sensa mbili kufa kwa pamoja. Zikilia kwa pamoja, tafuta kile zinachochangia: umeme unaozilisha, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri), au waya zinazopita njia moja. Msimbo unakutajia ni saketi gani, yaani njia gani ya umeme, inalalamika. Haukuambii ni kifaa gani kimekufa, na tofauti hiyo imewagharimu watu vifaa vingi vilivyokuwa vizima.

Ili uelewe kwa nini, tazama kinachotokea mkono unapousukuma wenzo. Kwenye mashine za zamani wenzo ulishikana na fimbo au kebo iliyovuta valvu ya haidroliki moja kwa moja. Kwenye hizi za kielektroniki hakuna fimbo, mkono unaomba tu. Ndani ya joistiki mna sensa yenye waya tatu: mmoja unaleta volti 5, mmoja ni ethi, na wa tatu unarudisha ishara kwa kompyuta ya mashine. Joistiki ikiwa katikati, ishara huwa karibu na volti 2.5. Ukiisukuma mpaka mwisho upande mmoja inashuka kuelekea 0.5, upande wa pili inapanda kuelekea 4.5. Kitabu cha mashine yako ndicho chenye namba kamili, lakini mpangilio ni huo kwa nyingi. Haifiki 0 wala 5, na imefanywa hivyo makusudi: waya ukikatika au ukigusa chuma, ishara inaruka nje ya mipaka hiyo na kompyuta inatambua mara moja kwamba hilo si ombi la mkono wa mtu. Joistiki nyingi zina sensa mbili kwa kila mwelekeo. Zikitofautiana, kompyuta inasimamisha kazi. Kila kitu kikiwa sawa, kompyuta inapeleka umeme kwenye koili (sumaku za umeme) za valvu, au kwenye mota ndogo inayosukuma spuli, kile kipande kinachoteleza ndani ya valvu, na mafuta yanaenda kwenye silinda.

Kabla ya hayo yote kompyuta inataka majibu. Opereta amekaa? Upau wa usalama, ule unaoshushwa mbele ya opereta, umeshuka? Joistiki ziko katikati? Ndiyo maana swali langu la kwanza siku hizi ni kama mashine imeharibika au imenyimwa ruhusa. Niliwahi kuitwa kwenye loda "mbovu" ambayo kosa lake lilikuwa opereta kuegemeza mkono kwenye joistiki wakati anashusha upau. Kompyuta iliona joistiki haiko katikati, ikafunga kila kitu. Nilimwomba ainue upau, aache mikono kwenye magoti, ashushe tena. Ikafanya kazi. Mara nyingine ni swichi ya kiti iliyojaa tope, au sensa ya upau iliyosogea kidogo kutoka kwenye sumaku yake.

Na hapa naomba unisikilize kama ndugu. Nimeziona mashine ambazo swichi ya kiti imeunganishwa waya moja kwa moja ili "isisumbue". Usifanye hivyo, na ukiikuta, iondoe kabla hujagusa kingine chochote. Kwenye loda hizi bumu linapita ubavuni mwa kebini, na baketi inashuka mbele ya miguu ya anayeingia na kutoka. Mtu akijitokeza nje, au akigusa joistiki wakati anashuka, hiyo swichi ni kati ya vitu vichache vinavyosimama kati yake na chuma. Hata wewe fundi: bumu liwe chini kabisa, au limekaa juu ya nguzo yake ya kulizuia iliyofungwa sawasawa, injini imezimwa, ndipo uingize kichwa humo ndani.

Misimbo yote iandike kabla hujaifuta. Yote, pamoja na ile inayoonekana haina maana, na saa za injini kama skrini inazionyesha. Mashine zinazotumia mfumo wa J1939, lugha ya pamoja ya kompyuta za mashine nzito, hutoa msimbo wa sehemu mbili: SPN inataja saketi, FMI inataja aina ya ugonjwa. FMI 3 ni volti zimezidi, 4 ni volti ziko chini, 5 ni umeme haupiti ipasavyo, mara nyingi waya uliokatika au plagi iliyolegea, 6 ni umeme unaopita kuliko kawaida, mara nyingi waya umegusa ethi. Hizo nne tu zinakuonyesha uanzie kutafuta mkato au mgusano.

Kisha betri. Najua inaonekana jambo dogo, lakini kompyuta hizi hazivumilii umeme dhaifu, na betri inayochoka hutoa misimbo ya ajabu ajabu isiyohusiana. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inasoma karibu 12.6. Ikisoma 12.0 imebaki kidogo sana. Injini ikinguruma utegemee kati ya 13.8 na 14.5 hivi. Halafu pima ethi, na usiipime kwa macho. Weka mita kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye ethi ya kompyuta au chuma cha kebini, mashine ikiwa imewashwa na taa zinavuta umeme. Ukiona zaidi ya volti 0.2, kuna kutu au boliti iliyolegea mahali fulani njiani. Kebini ya loda ndogo mara nyingi imekalia mipira, kwa hiyo umeme wake wa kurudi unategemea mkanda mmoja wa waya uliosukwa. Mkanda huo ukilegea, kila kilichomo kebini kinababaika.

Fyuzi pia usizipime bila mzigo. Waya uliobaki na uzi mmoja unaweza kukuonyesha volti 12 kamili kwenye mita, ukawasha koili na ukashindwa kuibeba. Mimi hutumia taa ya kupimia yenye balbu ya kawaida. Ikiwaka kwa nguvu, umeme upo kweli. Lakini balbu hiyo ni ya njia za umeme wa betri tu. Usiipeleke kwenye waya za sensa wala kwenye plagi ya kompyuta, huko ni mita peke yake.

Nirudi kwenye loda yangu. Nilivua kifuniko cha kiegemeo cha mkono, nikapima joistiki mpya kwa kuingiza ncha nyembamba za mita kutoka nyuma ya plagi, ikiwa bado imechomekwa. Hii ni tabia ninayoisisitiza: usichomeke ncha nene mbele ya plagi, utaupanua mdomo wa pini na kuzaa tatizo jipya litakalojitokeza baada ya mwezi. Wala usitoboe waya kwa sindano, kwa sababu tundu hilo ni mlango wa maji. Ishara ilikuwa 2.5. Nikasukuma joistiki taratibu sana, namba zikapanda bila kuruka, zikashuka bila kuruka. Nzima. Kama ingekuwa imechakaa, mahali fulani namba ingeruka ghafla au kutoweka kwa nukta moja, na hapo ningekuwa na sababu ya kuibadilisha.

Nikahamishia mita kwenye waya wa volti 5. Ilisoma 5.0. Nikakaa nikiitazama kwa muda, haikutikisika. Karibu nikate tamaa. Ndipo nikakumbuka kauli ya opereta: inakataa baada ya kushuka na kupanda. Nikainua upau wa usalama, polepole, jicho kwenye mita. Upau ulipofika kama robo tatu ya safari, namba ikaanguka: 5.0, 1.3, 0.2, kisha ikarudi 5.0. Nikaushusha, ikaanguka tena palepale.

Cha uvunguni sharti uiname. Nililala kifudifudi kwenye sakafu ya kebini na tochi mdomoni, nikafuata fungu la waya kutoka kwenye joistiki hadi linapopinda kuingia chini ya kiti. Lilikuwa limevutwa kidogo, limekaa juu ya ukingo wa kibati cha kushikilia, na kila upau ulipoinuliwa lilisuguana na ukingo huo. Ganda la nje lilikuwa limeng'aa kama limepigwa msasa. Ndani yake waya mmoja ulikuwa umechubuka kiasi cha punje ya mchele, shaba inaonekana, na kwenye kibati palikuwa na doa jeusi palipokuwa panagusana. Ulikuwa waya wa volti 5. Kila ulipogusa chuma, sensa ya bumu na ya baketi zilikosa chakula kwa pamoja, zote zikasoma chini. Misimbo miwili, sababu moja.

Tangu siku hiyo, opereta ndiye chombo changu cha kwanza cha kupimia. Namuuliza inagoma lini: ikipoa au ikipata moto, ikienda kwenye makorongo, baada ya kuoshwa, baada ya kebini kuinuliwa kwa ajili ya sevisi? Ikigoma baada ya kebini kuinuliwa, natafuta fungu la waya lililobanwa au plagi iliyosahauliwa. Ikigoma baada ya kuoshwa, nafungua plagi. Maji ya mashine ya presha yanapenya pasipofikirika, na ukiona pini zina ukungu wa kijani umeshapata jibu. Safisha kwa dawa ya kusafishia pini za umeme, kausha, hakikisha mpira wa kuzuia maji bado upo na hakuna pini iliyorudi nyuma ndani ya plagi. Angalia pia ule mpira uliokunjamana chini ya joistiki. Ukichanika, vumbi na maji huingia hadi kwenye sensa, na mpira ni rahisi kubadilisha kuliko kilichomo ndani yake. Baada ya kuchomelea, uliza kama betri na plagi za kompyuta zilichomolewa. Anayechomelea bila kuzichomoa, na klempu ya ethi ameifunga mbali na kazi, anaupitisha umeme wa kuchomelea kwenye njia za kompyuta.

Baadhi ya joistiki hazirudishi volti bali hutuma ujumbe kwa waya mbili zilizosokotwa za CAN, njia ambayo kompyuta za mashine huwasiliana. Hapo zima umeme wote, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani) kati ya waya hizo mbili. Njia ikiwa nzima, mita inasoma karibu 60, kwa sababu kuna rezista mbili za omu 120, moja kila mwisho. Ukipata 120, rezista moja au njia ya kuifikia imekatika. Ukipata karibu na sifuri, waya mbili zimegusana.

Kama ishara ya joistiki ni nzuri na bumu bado halisogei, nenda upande wa valvu. Linganisha koili na jirani yake ya aina ileile: omu zisitofautiane sana. Unaweza pia kubadilishana plagi za koili mbili zinazofanana ili kuona kama ugonjwa unahama, lakini kumbuka kwamba sasa ukiomba bumu, baketi ndiyo itakayosogea, kwa hiyo ondoa watu wote karibu na mashine, kaa kitini, funga mkanda, na sukuma joistiki kidogo sana. Ugonjwa ukihama na plagi, tatizo liko kwenye waya au kompyuta. Ukibaki na koili, umeipata. Koili ikiwa inavuta (gusisha ncha ya bisibisi kwenye nati yake, utaisikia sumaku) na spuli haisogei, umeme umemaliza kazi yake na uchafu kwenye mafuta ndio mshukiwa. Kazi zote zikiwa zimelegea kwa pamoja, bumu, baketi na mwendo, usipoteze saa kwenye joistiki. Angalia kiwango cha mafuta, chujio na presha.

Ukilazimika kubadilisha joistiki kweli, au ile mota ya kusukuma spuli, usiirudishe mashine kazini kabla ya kuifundisha kompyuta upya wapi ni katikati na wapi ni mwisho. Kalibresheni hiyo ina utaratibu wake kwenye kitabu cha kila mashine. Bila hiyo unaweza kupata bumu linalotambaa lenyewe mikono ikiwa haijagusa kitu, na loda ya namna hiyo haifai kukaliwa na mtu hata kwa dakika moja.

Ule waya wangu niliukata pale palipochubuka, nikaunga kwa kiungo cha kubana chenye ganda la kusinyaa kwa moto, nikavisha fungu lote bomba jipya la plastiki. Nikalihamisha kutoka kwenye ukingo wa kibati, nikaliachia ulegevu wa kutosha ili upau ukiinuka lisivutike, nikafunga klipu mbili. Kisha nikainua na kushusha upau mara ishirini, mita ikiwa imefungwa pale pale. 5.0 kila mara. Joistiki ya zamani niliipangusa vumbi, nikaipima, ikasoma bila kuruka hata mara moja, nikamrudishia mwenyewe aiweke akiba.