Shangazi, niache uinjinia nikapambe nyumba?

*Shangazi, shikamoo. Niko mwaka wa tatu wa uhandisi wa ujenzi Nairobi, nimebakiza miwili. Aprili nilianguka somo la miundo, nikarudia nikapita. Lakini moyo wangu uko kwenye upambaji wa ndani. Agosti iliyopita nilimpangia binamu yangu nyumba ya wageni kule Shela, na wageni hawaishi kuipiga picha. Nakutumia picha ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, nilizozibuni mwenyewe. Baba, aliyekuwa akipakia boriti kwenye jahazi, ameshanitangaza barazani kuwa injinia. Nikimgusia, husema hiyo ni kazi ya kushona mapazia. Nihame au nivumilie? – Binti wa Langoni, Lamu*

Marahaba, mwanangu.

Niliposoma mara ya kwanza nilisema, huyu anakimbia mtihani. Nikarudia, nikaangalia miezi: Shela ni Agosti ya mwaka jana, kuanguka ni Aprili ya mwaka huu. Mapenzi yalitangulia. Basi hilo nimelifuta.

Ila nyumba ya binamu bado si kazi. Binamu hakugeuza rangi mara tatu baada ya kupaka, wala hakukuzungusha na pesa zako. Kazi yenyewe ni kupima, kuandika makisio, kudai arubuni, kumngoja seremala aliyesema kesho. Na hapa kwetu uhesabu pia mashua ya kutoka bara, Mokowe, na punda wa kuleta mchanga hadi mlangoni. Mito na mapazia huja siku ya mwisho.

Mimi yalinifika. Niliita mpambaji mwenye picha nzuri kwenye simu, akapiga lipu ya saruji juu ya ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe. Masika moja tu, ukuta ukavimba kama andazi, vipande vikawa vyadondoka kitandani. Saruji hufungia unyevu ndani ya jiwe. Chokaa huuachia utoke. Yeye hakujua. Wewe ungejua, au angalau ungeuliza kwanza. Hizo nyumba za mji wa kale unazozipenda, vyumba vyake ni virefu na vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko haivushi dari pana, ni mita 3 hivi ikizidi sana. Mti ndio uliokata upana wa chumba, mpambaji akaja kufuata. Kwa hiyo miaka yako mitatu haikupotea, hata ukihama.

Kama ungekuwa mwaka wa kwanza ningekwambia hama leo. Kwa mwaka wa tatu nakwambia usihame kabla ya likizo ndefu. Itumie yote chini ya fundi wa chokaa au seremala, ubebe ndoo, usichague rangi hata moja. Ukitoka huko bado unaitaka, nenda kwa msajili, uulize kuahirisha masomo, usikimbilie kuacha. Uliza huko uendako watakupokelea masomo mangapi. Mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, kama unao, haufutiki kwa kuhama. Na bodi ya wahandisi husajili wenye shahada. Miaka mitatu haikufanyi nusu injinia. Ukinishika nitoe kauli, naona utahama. Lakini hama ukiwa na vumbi la chokaa nyweleni.

Baba yako usimwambie mbele ya ami zako, wala usimletee picha za Shela. Ngoja baada ya isha, mkiwa wawili, umuulize boriti za pau, zile nyembamba, walizipanga vipi jahazini, na za mazio, zile nene zaidi, vipi. Mwache aseme mpaka achoke. Mtu aliyepakia dari za nusu ya pwani hii hawezi kukwambia chumba ni mapazia, akishasikia swali linatoka wapi.

Na hizo zidaka za kwenye picha, umeandika kina chake ni "cha kutosha". Rudi Shela na futi ukapime, uniandikie tena kwa sentimita.