Ng'ombe wa Bahi atakudanganya: kwa mnaoanza kazi ya mbu huku Dodoma

Mvua zimeanza, na vijana wapya nao wameingia. Kila msimu maabara inajaa wadogo zetu wenye makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, na kila msimu makosa ni yale yale, utadhani kuna mtu anayafundisha chuoni kwa makusudi. Juzi nimemkuta mmoja anaandika lebo kwa kalamu ya wino, kisha anaidumbukiza kwenye tyubu yenye spiriti. Nikaona bora niandike mara moja, niache kupiga kelele.

1. Penseli. Spiriti haifuti penseli. Tuendelee.

2. Ruhusa. Kibali cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, unacho mkobani, hongera. Sasa anza ngazi: mkuu wa wilaya, mkurugenzi, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji, halafu ndipo mwenye nyumba. Kwa mwenye nyumba nenda mchana, uketi, useme "mbukwenyi" hata kama Kigogo chako kinaishia hapo. Msitokee magharibi na mitego mabegani. Fikirieni wenyewe: watu wageni wanazunguka gizani na betri na vitaa, wanasema wanatafuta damu iliyo tumboni mwa mbu. Wazee wetu walishakuwa na jina la watu wa namna hiyo, ni mumiani, na timu moja niliyokuwa nayo iliwahi kulala ofisi ya kijiji chini ya ulinzi wa mgambo kwa sababu kiongozi wetu aliona mwenyekiti wa kitongoji ni mtu wa kupigiwa simu tu. Asubuhi mwenyekiti alikuja, akatupa chai, akatuambia turudie utambulisho kuanzia mwanzo. Tukaurudia.

3. Mtego wa CDC, ule wa taa na feni inayovuta mbu. Unaning'inia upande wa miguu ya mtu aliyelala ndani ya chandarua, kama mita moja na nusu kutoka sakafuni, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwenye tembe paa ni la chini na limejaa udongo, kwa hiyo ukifunga kamba kwenye nguzo za paa bila kuangalia, utavuna vumbi kikombe kizima na mbu aliyepoteza magamba yote ya mabawa. Kamba ipake grisi, sisimizi wasishuke kula sampuli. Asubuhi funga kwanza mdomo wa kikombe, ndipo uchomoe betri. Feni ikizimika kabla hujafunga, mbu wanaondoka, na wewe unabaki kuandika sifuri kwa uaminifu mkubwa.

4. Elaiza, kipimo kinachotumia kingamwili kutafuta protini ya kimelea cha malaria ndani ya mbu. Hapa mnivumilie.

Nilipokuwa na umri wenu nilipewa mbu wa kijiji kimoja upande wa Bahi. Karibu wote kundi la gambiae, mbu waenezao malaria, na PCR (kipimo cha vinasaba) ya miguu ikasema ni arabiensis, spishi mojawapo ya kundi hilo, kama mtu yeyote anayejua ukame wa huku angetarajia. Nikakata vizuri kabisa kati ya kifua na tumbo, maana tumbo lina ookisti (vifuko ambamo kimelea hukua), nazo zina CSP (ile protini inayotafutwa na kipimo) wakati mbu bado hajaweza kumwambukiza mtu. Nikasaga kichwa na kifua, nikapaka pleti yenye visima vidogo, nikasubiri. Visima vikaanza kugeuka kijani, yaani chanya. Si kimoja wala viwili. Nilisimama mbele ya mashine ya kusoma mwanga nikitabasamu peke yangu, kwa sababu kontroli hasi (mbu wasio na vimelea) zilikuwa safi, kontroli chanya (yenye CSP) ilikuwa kijani iliyokolea, na kizingiti cha kutenganisha chanya na hasi nilikikokotoa sawasawa. Nani angenipinga?

Msimamizi wangu alikuwa safarini. Kulikuwa na kikao cha halmashauri, nikaombwa "matokeo ya awali". Nikayatoa, na grafu yenye rangi. Mganga mkuu wa wilaya aliandika kwenye daftari lake, akanyanyua kichwa, akauliza swali moja: "Sasa mbona zahanati zetu za huko hazina wagonjwa wa namna hiyo?" Nami, mtu wa Elaiza, nikamjibu kwamba wananchi wengi hubeba vimelea bila dalili. Nilijibu kwa sauti ya kumwelimisha. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata zile namba.

Aliyenikamata ni fundi sanifu wetu, mama mmoja mtu mzima asiyependa maneno. Hakuangalia pleti. Alichukua fomu za mitego, akapitisha kidole kwenye safu ya mifugo: ng'ombe ndani ya uzio, ndiyo; ng'ombe ndani ya uzio, ndiyo; mbuzi ndani ya nyumba, ndiyo. "Mwanangu, mbu hawa walikula nani?" Kisha akaniuliza kontroli zangu hasi zilitoka wapi. Zilitoka insektari, chumba cha kufugia mbu; ni mbu waliokunywa maji ya sukari tangu watoke kwenye pupa. Hawajawahi hata kusikia ng'ombe akilia. Ningewezaje kuona kosa linalotokana na mbu wapenda ng'ombe, wakati kontroli zangu zote ni watoto wa mjini?

Tulichukua mabaki ya zile sampuli chanya pamoja na kontroli chanya, tukachemsha kwa nyuzi 100 kwa dakika kumi, tukarudia. CSP yenyewe inastahimili joto. Kile kinachoshika kingamwili kimakosa kwa mbu wanaopenda wanyama hakistahimili. Kontroli chanya ikabaki kijani. Visima vyangu vikabaki vyeupe.

Jambo hili halikuwa siri. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi Asia ya Kusini-Mashariki walilichapisha pamoja na hiyo dawa ya kuchemsha. Mimi nilikuwa nimesoma itifaki tu. Na huku kwetu lina uzito zaidi: kanda ya kati malaria ni chache ukilinganisha na kanda ya ziwa au kusini, mbu mwenye sporozoiti, yaani kimelea kilicho tayari kumwambukiza mtu, ni nadra, kwa hiyo kipimo kinachodanganya kidogo tu kinaweza kutoa chanya za uongo nyingi kuliko za kweli. Kila chanya ichemsheni na kuirudia, mkiweza muithibitishe kwa PCR, na kwenye kontroli hasi wekeni mbu wa insektari waliolishwa damu ya ng'ombe.

Nilirudi kwa mganga mkuu na barua ya masahihisho. Akaisoma yote. "Kijana, mimi si nilikuuliza?" Akanisainia nakala.

5. Sumaku. Mnaofanya kazi ya hemozoini (rangi ambayo kimelea cha malaria hutengeneza kwa kula himoglobini) mnakuja na safu za sumaku, mirija ya kupitishia damu, mkidhani zitanasa kila kimelea. Zinanasa chenye rangi ya kutosha, yaani kilichokwisha kula himoglobini nyingi na kuhifadhi chuma chake. Pete, yaani vimelea vichanga vyenye umbo la pete, zinapita. Na kwa falciparum, aina moja ya kimelea cha malaria, vimelea vilivyokomaa vimejishikiza kwenye mishipa midogo ya damu, kwa hiyo damu mliyotoa mkononi mwa mgonjwa imejaa pete. Gametosaiti, hatua ya kimelea inayochukuliwa na mbu, mtazipata, zina rangi na zinazunguka. Basi msije kulalamika kwamba safu ni mbovu; zenyewe ni ghali. Na ile sumaku ya kukorogea, toeni kabla ya kumwaga bafa kwenye sinki. Bomba letu lina tatu.

6. Mnaokwenda Kongwa kwa nzi wa trakoma, ule ugonjwa wa macho: nzi huyo, Musca sorbens, anapenda kuzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, si ndani ya choo cha shimo. Kwa hiyo msiwakasirikie wenye vyoo. Na nzi akiwa machoni mwa mtoto, mwombeni mama yake kwanza kabla ya kurusha wavu usoni pa mwanawe. Nashangaa kwamba hili linahitaji kuandikwa.

7. Silika jeli ya bluu, ya kukaushia mbu, ikigeuka pinki imeshakunywa maji, irudisheni ovenini ikauke, msiongeze mbu juu yake. Oveni iko chumba cha pili, ufunguo uko kwa mlinzi wa zamu, na anayeuchukua aandike jina lake kwenye daftari. Jina halisi. Wiki iliyopita kuna mtu kajiandika "Anopheles".