Sisimizi, nyuki na lori la dagaa: majibu kwa wasomaji

Nasikia kompyuta inatafuta majibu kwa kuiga kundi la ndege. Inaigaje? (Mwanafunzi, Nyegezi)

Chembe kadhaa, ndizo ndege wetu, hutawanywa ovyo, kila moja ikiwa jibu la kubahatisha. Chembe inakumbuka mahali pazuri ilipowahi kufika, na inajua pia palipofikiwa na mwenzake aliyefaulu kuliko wote. Pande hizo mbili zinaivuta, huku ikiendelea kidogo na mwendo iliokuwa nao. Basi. Watafiti Kennedy na Eberhart waliitoa mbinu hii mwaka 1995.

Napeleka dagaa toka Mwaloni Kirumba hadi Shinyanga, Kahama na Tabora. Nataka gharama ndogo, ila lori lina kikomo cha uzito. Kundi litakiheshimu? (Mfanyabiashara)

Usipoliambia, litakupakilia kila kitu kwenye lori moja, maana kweli ndiyo nafuu! Hapa ndipo penye kazi.

Wengi hutoza adhabu: kila kilo inayozidi inaongezwa kwenye gharama. Adhabu ikiwa ndogo, kuvunja sharti kunalipa. Ikiwa kali mno, chembe zinakwepa mpaka, na jibu bora mara nyingi liko mpakani hapohapo, lori likiwa limejaa sawasawa. Mwaka 2000 mtafiti Deb alipendekeza kanuni isiyohitaji kubahatisha kiwango cha adhabu: jibu linalotimiza masharti hulishinda lisilotimiza, yote mawili yakitimiza, lenye gharama ndogo hushinda, yote yakivunja, hushinda lililovunja kidogo.

Lakini kwa safari zako ningechukua mbinu nyingine, sisimizi wa mtafiti Dorigo (1992): sisimizi wa kompyuta wanaoimarisha harufu kwenye njia zilizofaa, wenzao waifuate. Sisimizi hujenga njia mteja baada ya mteja, kwa hiyo ambaye mzigo wake hauenei tena kwenye lori anarukwa tu. Sharti halipati nafasi ya kuvunjwa.

Kuna mbinu zinazoiga nyuki, popo, nyangumi, mbwa mwitu: nani bora?

Hakuna. Watafiti Wolpert na Macready walithibitisha mwaka 1997 kwamba ukijumlisha matatizo yote yanayowezekana, mbinu zote zinatoka sare. Mimi nikiletewa mnyama mpya nauliza kwanza hesabu yake inatofautiana wapi na ile ya ndege ya 1995. Mara nyingi ni jina tu.

Nitajuaje kwamba jibu ndilo bora kabisa?

Kundi halitoi hakikisho hilo. Endesha programu mara nyingi, ukianza kila mara na chembe mpya, ulinganishe. Ila kama una lori moja na wateja kumi, mipangilio yote ya kuwapitia ni 3,628,800 na kompyuta ya kawaida inaikagua mmoja mmoja. Hapo sisimizi wa nini?